Kabla ya Kutuma, Zima Mama

4 Mei

Dada, shikamoo.

Mama hajambo? Nyonga inamwacha alale? Mpe salamu zangu kabla hujasoma yanayofuata, maana ukishayasoma hutakuwa na hamu ya kumsalimia mtu kwa niaba yangu.

Nimefungua ramani yako ya kwanza. Nikaiangalia, nikainuka nikanywa maji, nikarudi nikaiangalia tena. Dada, miti imekwenda wapi? Nilikuandikia, "Miti iweke Juu." Sasa miti yote ya mji, yote kabisa, imejipanga mstari mmoja kwenye ukingo wa juu wa ramani kama watu wanaosubiri benki ifunguliwe. Huku chini kote ni jangwa, hata kichaka hakuna.

Haya, nikaingia nyumba ya kwanza. Mbeba mizigo wetu, ambaye ndiye mchezo wenyewe, anafungua mlango, anapita kando ya meza, na kikombe kinampitia juu ya utosi. Anapita kando ya kitanda, shuka linamfunika uso. Bosi akiyaona haya atasema kazi ya ramani nimempa mtu ambaye hajawahi kuingia ndani ya nyumba.

Narudia, polepole. Ramani ya mchezo wa kompyuta haichorwi kama picha ya ukutani. Inajengwa kwa vigae, vile vipicha vidogo vya mraba ulivyochora vizuri sana, na vigae vinapangwa kwenye matabaka yanayolaliana. Tabaka la Chini ni la udongo, nyasi, barabara na sakafu. Tabaka la Vitu ni la meza, kuta na mashina ya miti. Tabaka la Juu ni la mapaa na matawi. Halafu kuna Kizuizi, vile vigae vyekundu ambavyo mchezaji havioni, lakini ndivyo vinavyomzuia mtu asipenye ukutani kama jini. Na kumbuka kila mraba wa tabaka unabeba kigae kimoja tu. Ukiweka kikombe kwenye tabaka lile lile la meza, kikombe kinaila meza.

Maonyesho ni mwisho wa mwezi wa sita na zinatakiwa ramani tano. Nilimwambia Bosi dada yangu anaweza. Mengine ni juu yako.

Mdogo wako,
Msumari


5 Mei

Msumari,

Marahaba. Umenipa shikamoo moja na matusi gunia zima, kwa hiyo nimeitikia ile moja.

Tuanze na kikombe. Kikombe kiko juu ya meza au hakiko juu ya meza? Shuka liko juu ya kitanda au liko uvunguni? Uliniandikia wewe mwenyewe, kwa vidole vyako, "Kilicho juu kiweke Juu." Nikakiweka. Na miti je? Mtu akikuambia kitu kiweke juu, na mbele yako una ramani yenye juu na chini, kushoto na kulia, utakiweka wapi, ubavuni? Nilishangaa, ndiyo. Nikasema labda ndivyo michezo ya siku hizi ilivyo, miti inakaa upande wake na watu upande wao. Nikatii. Mimi ugonjwa wangu ni utii.

Halafu umemalizia eti mengine "ni juu yangu". Hayo nayo niyaweke tabaka gani?

Sikiliza, mdogo wangu. Mimi nilikuwa dobi wa hoteli. Nilikuwa natoka hapa gizani kuwahi zamu ya alfajiri, nafua mashuka ya watu nisiowajua, na nilikuwa nimeizoea kazi yangu. Wewe ndiye uliyesema, "Dada, mkono wako unachora, acha hiyo kazi, njoo kwenye hii, utaifanya ukiwa na Mama." Na kweli, tangu aanguke bafuni Mama si wa kuachwa peke yake hata nusu saa. Kwa hiyo meza ya kulia chakula ndiyo ofisi yangu. Kushoto kuna kompyuta yako, kulia kuna Mama kwenye kiti chake cha mto, na mimi katikati. Kila nikibonyeza ananiuliza, "Huyo sasa anakwenda wapi? Na huo mzigo ni wa nani?" Katika hali hiyo, niandikie maneno ambayo mtu mzima akiyasoma anayaelewa. Neno lako Juu lina mambo mengi mno. Libadilishe.

Mama anasema umekonda, amekuona kwenye ile picha. Nimemwambia ndiyo maana tulikuita Msumari.

Dadako


9 Mei

Dada, shikamoo.

Umeshinda. Nimekaa na swali lako la kikombe siku nzima. Wenzangu humu ofisini nao wamecheka mpaka basi, halafu kila mmoja akaenda kimyakimya kuangalia ramani zake. Tabaka la Juu limekufa. Sasa linaitwa Kichwani. Kinachompita mtu juu ya kichwa, kiweke Kichwani. Kikombe hakimpiti mtu kichwani, kwa hiyo nimekufungulia tabaka la pili la Vitu, kikae huko pamoja na sahani na mashuka.

Mti nao ukate vipande viwili, kama ulivyofanya safari hii kwenye ramani ya pili. Shina linakaa Vitu, na chini ya shina unaweka kile kigae chekundu ili mtu asilipenye. Matawi yanakaa Kichwani. Nimempitisha mbeba mizigo nyuma ya ule mti wako mkubwa wa karibu na zahanati, majani yakamfunika nusu, akatokea upande wa pili. Kweli Dada, pamependeza. Nilimpitisha tena na tena bila sababu.

Lakini.

Mbona kuna kiti katikati ya barabara? Tena si kimoja. Kingine kiko darajani, kingine kiko mbele ya kituo cha polisi kimemgeukia askari. Na vyote viko tabaka la Chini, kwa hiyo vimeila barabara, ukiviondoa unabaki na shimo jeusi. Hivyo viti unamwekea nani? Ungekuwa umesahau kitu ningeelewa. Kuongeza siwezi kukuelewa.

Bosi ameanza kuuliza huyo dada yangu ni mtu wa namna gani. Nimemjibu ni mtu makini.

Mdogo wako,
Msumari


11 Mei

Msumari,

Viti nimeviondoa na barabara nimeiziba. Nilisinzia, mkono ukabonyeza ulivyotaka. Yaishe.

Mama hajambo, tena siku hizi amechangamka, anakula bila kubembelezwa na ule wimbo wake wa kulalamikia nyonga hatuusikii. Usiniulize tena mambo ya viti. Na wewe, huwezi kuandika barua isiyokuwa na neno "lakini"?

Dadako


17 Mei

Dada,

Leo sina shikamoo, utanisamehe.

Bosi aliwaita wageni waje waone ramani ya tatu, ile ya soko, kabla mimi sijaikagua. Kosa la kutoikagua ni langu, nimelimeza. Wageni wamekaa, chai imemiminwa, mbeba mizigo akaingia sokoni, hatua chache tu, akakwama. Anatembeza miguu pale pale. Mbele yake hakuna kitu! Hakuna ukuta wala gari wala mtu, ni uwanja mweupe. Mgeni mmoja akauliza, "Amepatwa na nini?" Nikafungua tabaka la Kizuizi, na humo, Dada, kuna vigae vyekundu vimetandikwa soko zima. Mbele ya kila muuza mboga kipande, mbele ya muuza viatu kipande, vimepangwa vizuri kwa mstari, kama mtu aliyekusudia. Hakuna njia ya kupita. Juu ya paa la bucha kuna sufuria. Na meza ya muuza samaki imeliwa katikati na chungu cha maua, samaki wamebaki pembeni wanaelea hewani.

Wageni walicheka. Bosi hakucheka. Aliniita pembeni akasema ramani moja zaidi ya namna hii na kazi anampa mtu mwingine, na mtu mwenyewe anaye tayari. Nilikutetea nusu saa, halafu nikakosa hata cha kutetea. Ningemwambia nini? Kwamba umesinzia? Mtu hasinzii akapanga mistari. Anayefanya hivi ama hana akili timamu ama hajali kabisa, na nimechoka kutafuta jibu la tatu.

Umebaki na ramani ya nne. Nakuomba.

Msumari


20 Mei

Msumari,

Mficha uchi hazai. Nimekuficha na sasa yamenikuta, kwa hiyo kaa chini usome.

Anayefanya hivyo, asiye na akili timamu, ni mama yako.

Ilianza siku nilipotoka kuanika nguo. Nimerudi namkuta amekivuta kipanya, miwani puani, ulimi nje kidogo kama zamani alipokuwa anatunga uzi kwenye sindano, ameweka kiti barabarani. Nikamwambia Mama, hapo si pa kiti. Akaniambia, "Huyu kijana anatembea na mzigo tangu asubuhi, mji mzima huu hakuna hata mtu wa kumwambia karibu ukae?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwacha. Tangu aanguke sikuwa nimemwona anataka kitu, Msumari. Anataka maji, anataka kugeuzwa, basi. Sasa tukimaliza chai anasema, "Washa mji." Nikienda jikoni kidogo ana mto wa kuegemea, ana kipanya, na mimi ninapata nafasi ya kukuna nazi bila kuitwa.

Nilikuwa nayasafisha aliyoyaweka kabla ya kukutumia. Lakini hajui tabaka ni nini. Anabonyeza popote nilipoacha, na nikichoka mengine yananipita. Zile nyekundu za soko alidhani ni mazulia. Aliwatandikia wauzaji, maana alisema wanakaa chini kutwa nzima na sakafu ina baridi. Mimi nikikagua huwa nalificha tabaka hilo, wekundu wake unanichosha macho, kwa hiyo sikuyaona.

Sasa sikia la pili. Barua zako huwa namsomea, kwa sababu kila siku anauliza, "Msumari kasema nini?" Makali nayaruka. Hii ya juzi nilisoma haraka, na kabla jicho halijawahi, mdomo ulishatoa hayo ya akili timamu. Akaniuliza, "Nani huyo asiye na akili?" Nikasema ni mimi. Kisha akakisukuma kipanya mpaka upande wangu, taratibu, akageukia dirishani. Hajakigusa tena. Leo alikula vijiko vitatu.

Ulimi hauna mfupa, najua, na hukujua. Mimi nimekukasirikia hivyo hivyo.

Na usiniambie nimkataze, maana najua hilo ndilo linakuja. Nikiikosa kazi hii narudi hotelini, na nikirudi hotelini Mama hana wa kukaa naye, anakwenda kwa Mama Mdogo. Ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, dirisha linatazama ukuta. Kwa nyonga ile akipandishwa hashuki tena, na mwenyewe ameapa mara ngapi kwamba ule mlango hataingia. Kwa hiyo ndiye anayeiharibu kazi inayomweka hapa nyumbani, na hajui. Nimwambie, nimvunje moyo? Nisimwambie, atuangushe sote? Niambie wewe mwenye akili timamu.

Dadako


21 Mei

Dada, shikamoo, shikamoo tena.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimempigia Mama asubuhi, nikamwambia nimeota yeye akinichekesha. Akaniambia nimeota vibaya.

Lakini, samahani, tatizo hili linatatulika, tena kirahisi! Nashangaa sikuliwaza. Nimekutengenezea tabaka la sita. Nimeliita Mama. Humo aweke anachotaka, viti, mazulia, masufuria mpaka mawinguni, na hataharibu kitu, kwa sababu vigae vya tabaka moja haviwezi kula vya tabaka jingine. Matabaka yetu manne, na lile la vikombe, utayafunga kwa alama ya kufuli, yeye hata akibonyeza vipi hayatikisiki. Yeye ataona mji umejaa vitu vyake. Ukimaliza, bonyeza alama ya jicho kwenye tabaka lake, linazimika, haliendi kwenye mchezo. Bosi anapata ramani safi, Mama anapata mji wake, wewe unapata kukuna nazi.

Fuata hivi kila siku, usiruke: funga Chini, funga Vitu vyote, funga Kichwani, funga Kizuizi, mkabidhi Mama kipanya. Na kabla ya kutuma, zima Mama.

Asijue tu. Mwambie nimesema viti vyake nimevipenda.

Mdogo wako mwenye furaha,
Msumari


2 Juni

Msumari,

Haya, mganga wangu, dawa imefanya kazi. Nilimwambia umevipenda viti. Akajifanya hajasikia. Kesho yake chai ilipoisha akasema, kama anayezungumza na ukuta, "Washa basi huo mji." Na ramani ya nne umeiona mwenyewe. Kama Bosi amesema "safi" kwa kinywa chake, na wewe usiniongezee chumvi, basi nashukuru. Maneno yako nimeyakariri, nayasema nikifanya kazi bila hata kufikiri.

Ila kuna jambo linanikera kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Mama ananiuliza watoto watakaocheza mchezo huu wataviona viti vyake. Nikamwambia ndiyo. Jana akauliza tena, kwamba mtoto akichoka kubeba mzigo atajua kwamba pale darajani anaweza kukaa? Nikasema atajua, Mama. Nikajifanya natafuta miwani. Alikuwa amelipanga daraja lote safari hii, viti viwili viwili vinatazamana, ili akipumzika apate wa kuongea naye.

Nimefikiria kumwambia ukweli. Kila nikifungua mdomo namwona alivyoinama kwenye kioo, nafunga. Wewe ungeweza? Wewe uko mbali, kwako kila kitu kinatatulika kirahisi.

Dadako


9 Juni

Mwanangu Msumari,

Anayeandika ni mwuguzi anayekuja kuninyoosha nyonga. Nimemwambia aandike ninavyosema asinipambie, na akimaliza atanisomea, nitajua.

Dada yako ana tabia ya kusema na kazi yake, tangu utoto. Wiki iliyopita nilikuwa nimefumba macho. Kufumba macho si kulala. Nikamsikia: "Funga Chini, funga Vitu, funga Kichwani, funga Kizuizi, zima Mama. Tuma." Kwa sauti ile ile anayohesabia nguo za kufua. Zima Mama! Nilikaa na neno hilo mchana kutwa, nikasema kumbe nimefika huko, sasa mimi ni taa.

Sikumuuliza. Mwuguzi alipokuja, Dada yako akatoka kwenda dukani, nikamwambia binti, hebu niangalizie hicho kioo kuna nini kimeandikwa. Akanionyesha. Jina langu, na ubavuni kijicho. Akakibonyeza, viti vyangu vikapotea vyote. Nikamwambia fungua. Vikarudi. Nikamwambia funga. Vikaenda. Tumefanya hivyo mara kadhaa, mpaka binti wa watu machozi yakamlenga, na mimi ndiye niliyempa leso.

Nimeelewa, usianze kunieleza. Ni jina la tabaka. Lakini majina duniani yamejaa, mngeliita Viti, mngeliita hata Takataka, nisingesema kitu. Na hata mngeliita vingine, bado Dada yako alinitazama pembeni akaniambia watoto watakaa kwenye viti vyangu. Kumbe watoto wanapita daraja tupu. Njia ya mwongo ni fupi.

Niliharibu, nakubali, na hayo mazulia yaliyomkwamisha mtu binti amenisomea leo kwenye barua zenu humo kwenye kompyuta, asiruke kitu, nikacheka peke yangu. Ila mngeniambia. "Mama, acha, ukiharibu tena Dada anarudi hotelini na wewe unapandishwa ngazi." Ningeacha siku ile ile. Nilipokuwa sina cha kuwapikia niliwaambia sina, mkalala mkijua. Ninyi mmeniona mimi siwezi kulala nikijua.

Nimempigia mdogo wangu. Anakuja Jumamosi kunichukua. Dada yako afanye kazi bila kuzungukwa. Ngazi ni zangu, msinihesabie.

Hivyo viti vya darajani vilikuwa vizuri.

Mama yenu


10 Juni

Dada!

Mzuie Mama. Nakuomba mzuie. Nampigia hapokei, nampigia Mama Mdogo anasema amepewa amri na dada yake mkubwa na hawezi kubishana. Mwambie lilikuwa jina tu! Nilikuwa natafuta neno fupi la tabaka la sita, kidole kikaandika Mama, basi, hakuna zaidi. Nimeshalibadilisha. Sasa linaitwa Bustani. Mwonyeshe, mfungulie umwonyeshe kwamba halipo tena hilo neno.

Na kama anataka viti vionekane, nitamwomba Bosi. Siwezi kumwomba wiki hii maana amewaka moto, maonyesho yamekaribia, watu wanalala ofisini. Ila baada ya hapo nitamwomba. Kiti kimoja hakiwezi kuwa tatizo, tunaweka miguu kwenye Vitu, egemeo Kichwani, Kizuizi chini yake, mtu anakizunguka vizuri. Mwambie hivyo. Mwambie najua namna ya kukiweka.

Kuja siwezi, Dada, si kwamba sitaki. Mwambie chochote, ila asiende.

Msumari


16 Juni

Msumari,

Barua yako ilifika nikiwa namfungia nguo zake. Nilimfungulia nikamwonyesha kama ulivyoagiza, Bustani. Nikamsomea, akasema, "Ahaa, sasa nimekuwa bustani." Akaniomba nimtafutie soksi.

Nilimlilia, kama unataka kujua. Nilipiga magoti sakafuni mtu mzima mimi, nikamwambia Mama nirudi hotelini, nifue, tutapata mtu wa kukaa na wewe, usiende. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonimaliza. Ukigombana na mtu mwenye hasira una pa kushika. Alinishika kidevu akasema, "Wewe ukianza kunidanganya ujue umeshachoka. Hujui tu."

Kiti chake cha mto hakikupita kwenye kona ya ngazi. Tulikigeuza huku na huku, watu wa chini wakatoka kutushauri, hakikupita. Kikabaki pale chini na Mama akapanda mgongoni kwa mume wa Mama Mdogo, macho ameyafumba, mkono mmoja umeshika kola ya shati lake. Kila kituo cha ngazi anauliza, "Bado?" Kule juu wamempa kitanda karibu na dirisha. Nilipoagana naye akasema niwahi, nisichelewe kazi.

Nakukasirikia wewe na urahisi wako, najikasirikia mimi na uoga wangu, na ningependa kumkasirikia Mama pia lakini sipati pa kuanzia. Niliifanya kazi hii ili Mama akae nyumbani. Sasa nyumbani nimekaa mimi. Asubuhi nimemaliza chai nikasubiri kuambiwa niwashe, nikasubiri mpaka nikajishtukia.

Ramani ya tano nimeiambatisha. Nimefanya kwa siku mbili, maana hakuna aliyeniuliza nani anakwenda wapi. Mwambie Bosi haina kosa. Nimeikagua tabaka kwa tabaka, nikarudia, nikarudia tena, nikiomba nikute japo moja. Sikukuta.

Dadako